Siku ya Tatu Lishike Jembe Mwenyewe



Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake wote. Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, wanafunzi na wazazi, kamati ya jarida letu imenipa nafasi mwaka huu nitoe maoni juu ya jambo nitakalolichagua mwenyewe. Nimechagua jambo linalotugusa wengi, nalo ni kijana wetu anaposafiri nchi ya mbali akakaa katika nyumba ya watu, si siku mbili tatu, bali miezi.

Hapa madrasa tunafundisha sana namna ya kumpokea mgeni. Mtoto wa darasa la pili anaweza kukusimulia jinsi Nabii Ibrahim (A.S.) alivyojiwa na wageni asiowajua, akaenda kwa ahali zake polepole bila ya kuwashitua wageni, akarudi na ndama aliyechomwa. Maashaallah, hilo ni jema. Lakini namna ya kuwa mgeni hatufundishi. Tunamfungia kijana sanduku, tunamtilia kanzu mbili na chupa ya achari ya embe, tunamwandikia anwani katika karatasi, kisha tunamwacha aende akajifunze adabu za ugeni katika nyumba za watu, kwa gharama ya watu hao. Mimi naona hapo tunakosea. Na ushahidi wangu si wa mbali, ni nafsi yangu.

NILIVYOFIKA NIZWA

Mwezi wa Mei mwaka 2023 niliondoka Tanga kwenda Oman kusoma kozi ya Kiarabu katika mji wa Nizwa. Nizwa uko bara, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka Muscat, chini ya milima. Ni mji wa ilimu tangu zamani, na ngome yake kubwa ya mviringo ilijengwa katika karne ya 17 na Imamu Sultan bin Seif, ndiye yule ambaye mwaka 1650 aliwatoa Wareno Muscat.

Mahali pa kulala nilipoahidiwa nilipakuta pameshajaa. Nikasali alasiri katika msikiti ulio karibu na soko, sanduku langu limeegemea ukuta, na moyo umeniruka. Baada ya sala mzee mmoja mwenye bakora alinisalimu, akaniuliza habari zangu, kisha akanishika mkono. Aliniambia, "Utakaa kwetu mpaka upate pahala." Sikuwa na nasaba naye wala sikuwahi kumwona kabla ya siku hiyo.

Nyumbani kwake nilimkuta mkewe, mwanawe mkubwa na familia yake, vijana, na mama mzazi wa yule mzee. Nilipompa salamu bibi huyu kwa Kiarabu changu cha kuvunjika, alinitazama akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, "Mbona husemi shikamoo?" Nilikaribia kulia. Kumbe alikulia Tabora, na akarejea Oman mtu mzima, kama familia nyingi zilivyorejea kutoka Afrika Mashariki baada ya mwaka 1964 na hasa baada ya 1970.

Nilipewa chumba chenye kiyoyozi, meza na kitanda. Asubuhi niliwekewa kahawa ya hiliki na tende, mchana wali, usiku mkate na maharage. Nguo zangu zilifuliwa bila ya mimi kujua aliyezifua. Nilikuwa nikitoka darasani, nakula, nalala, naamka, nakula. Nikajiambia, "Hawa watu ni wakarimu, Alhamdulillah." Na kweli walikuwa wakarimu. Tatizo halikuwa wao.

Tena nilikuwa na kichwa cha moto. Wenyeji wangu ni Ibadhi na mimi ni Shafi. Wao husali mikono imeachwa, hawaitikii amin baada ya Fatiha, wala hawasomi qunuti katika alfajiri. Wiki ya kwanza tu nilianza kumhoji kijana wa nyumba, mvulana wa miaka kumi na saba, kwa nini hivi na kwa nini vile, kana kwamba nimetumwa kumtahini. Yule mzee alitusikia, akasema kwa upole, "Sali kama walimu wako walivyokufundisha, na yeye atasali kama alivyofundishwa. Haya, chai inapoa." Mjadala ukaisha hapo, na haya nikabaki nayo mimi.

KILICHONIFUMBUA MACHO

Usiku mmoja katika wiki ya tatu niliamka kutafuta maji ya kunywa. Nikapita uani, nikaona taa ya ndani ya gari inawaka. Nikadhani mwizi. Nilipochungulia nikamwona yule kijana amekaa kiti cha nyuma, vitabu mapajani, anasoma. Pembeni yake palikuwa na mfuko wa plastiki umejaa madaftari. Alikuwa katika mitihani ya kumaliza sekondari, na usiku ule barazani walikuwapo wageni wa baba yake.

Hapo ndipo nilipofahamu. Kile chumba chenye meza kilikuwa chake. Kwa wiki tatu alikuwa akilala barazani, na wageni wakija hubeba vitabu vyake kuhamia garini. Hakuna aliyeniambia neno, wala baba, wala mama, wala yeye mwenyewe ambaye mimi nilikuwa nikimtahini mambo ya sala.

Ndugu msomaji, sikulala usiku ule. Baada ya alfajiri nilibeba sanduku langu, nikakirudisha chumba. Mzee alikataa kwa viapo. Ikabidi tuafikiane nilale barazani mimi, na kijana arejee chumbani kwake mpaka mitihani iishe. Kisha nikamwendea Bibi nikamwambia, "Bibi, nipe kazi." Akacheka mpaka akafuta machozi. Akasema, "Nilikuwa nangoja uombe mwenyewe. Kwetu Tabora wakisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi naona jembe hapewi mgeni. Mgeni hulitafuta."

Tangu siku hiyo mpaka naondoka mwezi wa Septemba nilikuwa na kazi. Nyumba ile ilikuwa na shamba la mitende linalonyweshwa kwa falaji, yaani mfereji wa kale unaoleta maji kutoka chini ya ardhi mbali kabisa. Oman ina falaji kama elfu tatu zinazotumika hadi leo, na tano kati ya hizo, mojawapo ikiwa Falaji Daris ya Nizwa, ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Maji yake hugawanywa kwa zamu, na kipimo cha zamu huitwa athari, ambacho ni nusu saa. Zamu yako ikiwa saa nane usiku basi ni saa nane usiku. Unafungua mdomo wa mfereji, maji yanaingia shambani, na muda ukiisha unaziba ili jirani apate haki yake. Mimi nikawa mtu wa kwenda na kijana kufungua na kuziba.

Ilipofika mavuno ya tende, sikuweza kupanda mtende, lakini niliweza kuokota zilizoanguka, kuchambua mbovu na kutandaza nzuri juani. Idi ya kuchinja, mwisho wa Juni, nilikabidhiwa kubeba furushi la nyama ya shuwa, iliyopakwa viungo na kufungwa vizuri, kulipeleka katika shimo la moto ambalo mtaa mzima hutia nyama zao pamoja. Kila nyumba hufunga alama yake ili isichukue ya mwenziwe. Sisi tulifunga kipande cha waya mwekundu. Nimesema "sisi", na hilo ndilo ninalotaka mlione. Mpaka wiki ya tatu nilikuwa nasema "wao".

DINI YETU INASEMAJE

Wako watakaosema kuwa hizi ni mila tu za watu, za jembe na methali. La, ndugu zangu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa ugeni ni siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka, na kwamba si halali kwa mgeni kukaa mpaka akamtia mwenyeji wake katika dhiki. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Sisi huisoma sana upande wa mwenyeji, kwamba ni wajibu kumkirimu mgeni, na upande wa pili tunaupita mbio.

Tazameni tena katika fiqhi. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, msafiri aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, hapunguzi tena sala; anasali rakaa nne kama mwenyeji. Najua wenzetu wa Ibadhi wana kauli yao katika hili, kwamba atapunguza maadamu hajapafanya pale kuwa makazi yake, na siwahoji tena. Nasema na nafsi yangu mimi Shafi. Nilikuwa nikisali rakaa nne kwa hoja kuwa mimi ni mkaazi, na nikila na kulala kwa hoja kuwa mimi ni mgeni. Hukumu ya ukaazi niliichukua msalani, nikaiacha mezani. Je, huo ni uadilifu?

Na wako watakaosema, "Lakini wenyeji hawakulalamika." Someni Suratul Ahzab, aya ya 53. Waumini wanakatazwa kukaa wakizungumza nyumbani kwa Mtume (S.A.W.) baada ya kula, kwa kuwa jambo hilo lilikuwa likimuudhi naye akiona haya kuwaambia. Ikiwa Mtume wa Mwenyezi Mungu aliona haya kumwambia mgeni, mzee wa Nizwa atasema nini? Mama wa Dar es Salaam au wa Mombasa aliyekupokea atasema nini? Kimya cha mwenyeji si ruhusa. Mgeni mwenye akili hangoji kuambiwa, hutazama mwenyewe nani amehama chumba, nani anakula mwisho, nani anaamka mapema kwa sababu yake.

Tunayo mifano mikubwa. Nabii Musa (A.S.) alifika Madyan hali ya kuwa mkimbizi, ana njaa, hamjui mtu. Kabla ya kualikwa popote aliwanyweshea wanyama wale mabinti wawili, kisha akaenda kukaa kivulini. Kazi ilitangulia, chakula kikafuata. Na alipokaa kwa yule mzee, alikaa kwa mapatano ya kazi ya miaka minane, na kumi akipenda.

Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe alipohamia Madina alifikia nyumba ya Abu Ayyub Al-Ansari (R.A.), na wapokezi wa sira wanataja kuwa alikaa kiasi cha miezi saba. Alichagua chumba cha chini ili iwe wepesi kwa wanaomzuru. Abu Ayyub na mkewe wakawa juu, wanaona vibaya kutembea juu ya kichwa cha Mtume (S.A.W.), na siku mtungi ulipovunjika walifuta maji kwa blanketi lao ili yasimdondokee. Hatimaye Mtume (S.A.W.) alikubali kuhamia juu ili nafsi ya mwenyeji wake itulie. Na miezi hiyo yote alikuwa akifanya nini? Akijenga msikiti pamoja na Sahaba zake, akibeba matofali kwa mikono yake.

Na Abdurrahman bin Auf (R.A.), alipoungwa udugu na Saad bin Rabii (R.A.) na Saad akamtolea nusu ya mali yake, alimwombea baraka kisha akaomba kitu kimoja tu, aonyeshwe soko. Akatoka, akarudi na samli na jibini aliyoichuma kwa biashara yake. Hakumdharau mwenyeji wake, bali alimpunguzia mzigo.

NA WENYEJI NAO

Isije ikafahamika kuwa namtia kijana utumwani. Jambo hili lina upande wa pili, na ni wa hatari zaidi. Ziko familia humu mwetu ambazo humpeleka binti kwa jamaa au kwa rafiki wa jamaa, katika miji mikubwa au nchi za Ghuba, kwa jina la "akakae kidogo". Anafika kama mgeni, mwezi wa pili anapika peke yake, wa tatu analea watoto, wa nne hasomi tena, na pasi yake imefungiwa kabatini. Hana mshahara kwa kuwa yeye ni "mtoto wa nyumbani", na hana raha ya mtoto kwa kuwa yeye ni mtumishi. Huo si ugeni wala si jembe la siku ya tatu. Ni dhulma.

Tofauti ni nyepesi kuiona. Mgeni anayefanya kazi hushika kazi pamoja na watu wa nyumba, kwa hiari yake, na muda wake wa kusoma na kulala unabaki. Ikiwa kazi imekuwa yake peke yake, basi hiyo ni ajira, na ajira ina ujira, na dini imetuamrisha kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Yule mzee wa Madyan alitaja muda na malipo tangu mwanzo, na akamwambia Musa wazi kuwa hataki kumtia mashakani. Wenyeji waige hilo, na wazazi waulize kabla ya sanduku kufungwa.

Wapo pia wanaosema suluhisho ni kijana apange chumba au alale hoteli, ayaepuke yote haya. Siafiki. Aliyelala hoteli anarudi na picha za ngome. Mimi nimerudi najua zamu ya maji saa nane usiku, najua mtu wa madhehebu nyingine anavyomwogopa Mola wake, na Kiarabu changu kilinyooka chini ya mtende kuliko darasani. Kukaa na watu ni ilimu, na ilimu ina adabu zake.

USHAURI WANGU

Kwa wanafunzi mtakaosafiri, na kwa wazazi mtakaowasafirisha, nashauri haya machache:

1. Kabla ya kuondoka, nia ya muda ijulikane. Mwambie mwenyeji utakaa siku ngapi, na muda ukibadilika umwambie mapema. Siku za viza zisikupite, kwani aibu ya hilo humfika aliyekupokea.

2. Siku tatu pokea ukarimu kwa furaha, usimvunje mwenyeji moyo. Siku ya nne tafuta jembe. Kama hupewi, shika ufagio, chota maji, wafundishe watoto hesabu au Kiswahili, nenda sokoni. Haikosekani kazi katika nyumba ya watu.

3. Chunga stara. Bisha hodi na utoe salamu kila mara, hata mwezi wa nne. Jua njia unayopita na saa unayopita. Usipekue, usihadithie nje uliyoyaona ndani, wala usipige picha watu wa nyumba bila ya idhini.

4. Usifanye nyumba ya watu uwanja wa mijadala ya madhehebu. Uliza ili ujue, usiulize ili ushinde.

5. Binti asipelekwe mahali ambapo mzazi hawezi kuzungumza naye mwenyewe kila wiki, na pasi yake ibaki mkononi mwake.

Na kwa walimu wenzangu natoa ombi. Kabla ya kumpa mwanafunzi shahada ya kumaliza, tumsomeshe mlango wa adabu za mgeni, si wa mwenyeji peke yake. Masomo mawili matatu yatatosha.

Namalizia kwa habari moja. Mwishoni mwa mwaka 2024 yule kijana aliyesomea garini alikuja Tanga kututembelea, akakaa kwetu wiki tatu. Mama yangu alimpa chumba changu, nami nikahamia sebuleni bila ya kumwambia. Siku ya nne baada ya alfajiri nilimkuta uani na ufagio wa makuti, amekwisha fagia mpaka mlango wa madrasa. Mama alitaka kumnyang'anya. Nikamwambia, "Mwache, mama. Huyu amelelewa na bibi wa Tabora."

Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliotupokea tukiwa wageni, awape badali ya vyumba vyao majumba ya Peponi, na atujaalie sisi tuwe wageni wema hapa duniani, kwani sote ni wapita njia. Amin.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.